Mwenda Jean-Bosco: Gitaa na Maneno

Katika mihadhara yetu ya fasihi simulizi jina la Mwenda Jean-Bosco hutajwa kwa nadra, na likitajwa huwa ni kwa ajili ya gitaa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi kazi ya msanii huyu, na kuonyesha kwamba utunzi wake unastahili heshima ileile iliyopewa vidole vyake.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao ya watawala wa Bayeke tangu enzi za Msiri. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na kinasa sauti kukusanya nyimbo za Afrika, alimkuta Jadotville, mji uitwao leo Likasi. Hapakuwa na studio. Hata hivyo wimbo "Masanga" ulitolewa katika santuri za Gallotone, na jina la kijana huyo likavuka mipaka ya Kongo ya Wabelgiji.

Alipiga kwa vidole viwili: gumba kwenye nyuzi nzito, cha shahada kwenye nyuzi nyembamba, kila kimoja na mwendo wake, hata asiyemwona hudhani wapigaji ni wawili. David Rycroft aliuandika upigaji huo kwa nota katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962. Ni kazi ya thamani kubwa. Ila maneno, kwa maoni yetu, hayajapewa uzito kama huo.

Baadaye Mwenda alipiga Nairobi, akaalikwa Newport, Marekani, mwaka 1969, na mwaka 1988 akarekodi katika studio ya Cape Town. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari.

Kwa mwanaisimu, rekodi za mwanzo ndizo hazina. Kiswahili cha Katanga, chenye "batu" mahali pa "watu" na "iko" mahali pa "ni", kilikuzwa na wafanyakazi wa migodi waliotoka pande nyingi. Maandishi ya misheni yalipita mikononi mwa wasahihishaji. Santuri haikusahihishwa na mtu. Msemaji wa Kalemie (Albertville ya wakati ule) akiisikiliza hatahitaji mkalimani, ingawa misemo kadhaa itamshinda. Wenye kuijua ni wazee waliokuwa vijana mwaka 1952, nao sasa wamepita umri wa miaka 80. Mwanafunzi atafutaye mada ya tasnifu awaendee hao kwanza, maktaba baadaye.