Pedi Mpya, Pedali Laini: Pa Kutazama Kabla ya Kurudi Uwanjani

Katika milima ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani, iko barabara ya mbio ya Nürburgring Nordschleife, yenye urefu wa karibu kilomita 20.8. Ilifunguliwa mwaka 1927, na hadi leo, siku zinapofunguliwa kwa umma, mwenye leseni na gari linaloruhusiwa barabarani hulipa kiingilio akaingia na gari lake mwenyewe. Akishapita Schwedenkreuz, sehemu ya kasi kubwa, hukutana na kona ya Aremberg, inayokata kulia na kumtaka apunguze mwendo kwa nguvu. Hapo ndipo kazi ya fundi aliyefunga pedi za breki inapojulikana.

Mazda MX-5 ya zamani, dereva akiwa ndani, ina uzito unaokaribia kilo 1,100. Kuitoa kwenye kilomita 160 kwa saa hadi 80 ni kuondoa nishati ya kilojuli 815 hivi, na sehemu kubwa ya nishati hiyo hugeuka joto ndani ya diski na pedi. Joto hilo linatosha kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji, nalo huzalishwa kwa sekunde chache tu, kisha kona nyingine inafuata. Pedi za kwendea kazini na sokoni hazikuundwa kwa adhabu hiyo. Ndiyo maana wenye magari ya aina hii hununua pedi za uwanjani na kuzifunga siku moja au mbili kabla ya safari, mara nyingi kwa haraka.

Malalamiko huanza hapo. Pedali inazama. Gurudumu moja linatoka likifuka moshi. Usukani unatetemeka. Wengi hukimbilia kuilaani pedi mpya, au kutoa upepo kwenye mfumo kwa mara ya tatu. Ukweli ni kwamba pedi yenyewe ni mkosaji kwa nadra sana. Kosa huwa mahali pedi inapokaa na namna inavyosogea, na hapo ndipo pa kuanzia kutafuta.

Swali la kwanza ambalo fundi makini huuliza ni hili: pedali imekuwa laini lini? Iliyo laini tangu gari linatoka gereji ina habari moja. Iliyo imara asubuhi kisha ikazama baada ya mizunguko kadhaa ina habari nyingine. Ile inayozama mguso wa kwanza na kusimama imara mguso wa pili ina habari ya tatu. Asiyetenganisha mambo haya matatu atabadilisha vipuri vizima na kuacha kibovu.

Tuanze na iliyo laini tangu gereji. Ndani ya kalipa, kila pistoni imezungukwa na sili ya mpira yenye kingo za mraba. Breki ikikanyagwa, pistoni husonga mbele na sili hupinda kuifuata. Pedali ikiachiwa, sili hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kidogo mno, kiasi cha kuachia diski. Hakuna springi inayofanya kazi hiyo, ni mpira peke yake. Fundi anapoingiza pedi mpya nene huzirudisha pistoni ndani kabisa, kwa hiyo mikanyago michache ya kwanza haina budi kuzileta tena karibu na diski. Hilo ni la kawaida. Hatari ipo kwa mtu anayewasha gari na kuondoka bila kukanyaga pedali hata mara moja, akaja kugundua kwenye lango kwamba hana breki.

Lakini kama pedali imeshakanyagwa mara nyingi na bado inashuka, basi kwenye MX-5 za kizazi cha kwanza na cha pili, zilizotengenezwa kuanzia 1989 hadi 2005, macho yaende kwenye kalipa za nyuma kabla ya chochote. Breki ya mkono ya magari hayo hufanya kazi kupitia pistoni ile ile ya breki ya mguu. Hairudi ndani kwa kubanwa na klempu, na anayeilazimisha anaweza kuharibu utaratibu uliomo ndani. Nyuma ya kalipa kuna bolti yenye kichwa cha milimita 14. Ikifunguliwa, ndani yake huonekana skrubu ya marekebisho inayozungushwa kwa ufunguo wa Allen wa milimita 4. Pistoni hurudishwa kwa kuizungusha skrubu kinyume cha saa. Pedi mpya zikishakaa, skrubu hukazwa hadi zishike diski, kisha hulegezwa takriban theluthi moja ya mzunguko, ili gurudumu lizunguke huru.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Ikiachwa, kila mkanyago hutumia mafuta mengi kuivusha pistoni masafa marefu kabla pedi haijagusa diski. Pedali inashuka chini kana kwamba kuna upepo, na fundi anahangaika kuutoa upepo ambao haumo. Wengine huona breki ya mkono imelegea wakaikaza waya yake, na kwa kufanya hivyo huiondoa mikono ya kalipa kwenye mapumziko yake, jambo linalozidi kuvuruga marekebisho. Waya huguswa mwisho, skrubu za kalipa zikishawekwa sawa pande zote mbili.

Magari mengine yana kalipa isiyosogea, yenye pistoni pande zote mbili za diski. Subaru Impreza WRX STI, gari linalopendwa sana na vijana wa Nairobi na Dar es Salaam, ni mfano mzuri: matoleo yenye kalipa za Brembo huwa na pistoni 4 kwenye kila kalipa ya mbele. Pini mbili na springi yake zikitolewa, pedi huchomolewa bila kuishusha kalipa. Wepesi huo una gharama yake, kwa sababu humshawishi mtu kuchomoa na kuchomeka bila kusafisha. Vumbi la breki na kutu hujikusanya kwenye sehemu ya pistoni iliyokuwa nje, na zikisukumwa ndani zikiwa chafu, uchafu huo unapitishwa kwenye sili. Pistoni moja kati ya nne ikianza kushika, tatu zinafanya kazi na moja inavivia. Pedi inaliwa mshazari, pedali inarefuka, na hakuna tone la mafuta linalovuja kumpa mtu fununu. Dawa ni kusafisha kwanza kwa dawa ya breki na brashi laini, kuirudisha pistoni moja huku nyingine zimezuiwa, halafu kutazama kila moja inavyotoka pedali ikikanyagwa taratibu. Vumbi lisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Lilowanishwe na kufutwa, maana mapafu ya fundi hayana vipuri.

Kuna jambo dogo linalodharauliwa zaidi ya yote, nalo ni rangi. Pedi nyingi za uwanjani huja na bamba la chuma lililopakwa rangi nene, na rangi hiyo hufika hadi kwenye masikio ya bamba yanayoteleza ndani ya kalipa. Pedi inayohitaji nyundo ili iingie haitaachia diski ikishapata moto. Itaburuza, itachemka, itapitisha joto kwenye pistoni na mafuta, na gurudumu hilo ndilo litakalofuka moshi. Kipimo ni mkono: pedi iingie na kutoka kwa vidole, bila kulegea hadi ikagonga. Ikikwama, masikio yapigwe tupa kidogo mpaka rangi iliyozidi iondoke, baada ya kuhakikisha kwamba kutu haijajificha chini ya vibati vinavyoshikilia pedi. Kutu huvimba, na ikivimba huviinua vibati na kubana njia. Vitolewe, paparuzwe kwa brashi ya waya, virudishwe.

Kwenye kalipa inayosogea, kama za mbele za MX-5, pini zake za kuteleza zinahitaji grisi iliyotengenezwa kwa breki. Grisi ya kawaida ya beringi imetokana na mafuta ya petroli, na mpira wa breki ukiyagusa huvimba. Pini ikishakwama, pedi ya ndani inafanya kazi yote huku ya nje ikibaki karibu mpya.

Sasa pedali iliyokuwa imara na ikazama baada ya mizunguko. Hapa joto limefika kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa kadiri muda unavyopita. Yakishakuwa na maji asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni nyuzi 155 tu. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea pale ambapo mafuta hayabonyei. Kwa hiyo mwenye kuweka pedi za uwanjani juu ya mafuta ya miaka mitatu amefanya nusu ya kazi, tena pedi hizo zitamruhusu kufikisha joto ambalo mafuta yake hayaliwezi.

Na ile inayozama mguso wa kwanza tu? Mara nyingi hakuna kilichoharibika ndani ya kalipa. Gari likipanda ukingo wa barabara au likibanwa sana kwenye kona, beringi na habu huyumba kidogo na diski huzisukuma pistoni nyuma. Mkanyago wa kwanza unafidia nafasi hiyo, wa pili unashika. Madereva wazoefu hugusa pedali kwa mguu wa kushoto kwenye sehemu iliyonyooka ili kuzirudisha pistoni mahali pake. Hata hivyo, tatizo hili likizidi, beringi ya gurudumu ikaguliwe. Hakuna pedi itakayoitibu.

Mtetemo unastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu umefanya diski nyingi nzima zitupwe. Gereji nyingi husema diski imepinda. Carroll Smith, mhandisi wa Marekani aliyefanya kazi kwenye mradi wa Ford GT40, aliandika makala maarufu akipinga dhana hiyo: katika kila lalamiko alilochunguza, diski haikuwa imepinda bali ilikuwa imepakwa nyenzo za pedi bila usawa. Mahali penye tabaka nene hushika zaidi na kupata moto zaidi, na moto ukizidi, chuma cha diski hapo hubadilika na kuwa kigumu. Ikifika hatua hiyo, msasa hautasaidia tena.

Sababu ya kawaida ni kuruka kazi ya kuzoesha pedi. Kila mtengenezaji ana maelekezo yake, nayo ndiyo ya kufuatwa, lakini msingi haubadiliki: mfululizo wa kupunguza mwendo kutoka kasi ya wastani, kila mara kwa nguvu zaidi, bila kusimama kabisa, kisha mwendo mrefu wa kupoza bila kugusa breki. Anayesimama huku amekanyaga pedali, diski ikiwa imeiva, anaichapisha sura ya pedi juu ya diski. Vilevile pedi za aina moja zisifungwe juu ya diski iliyobeba mabaki ya aina nyingine kabla mabaki hayo hayajaondolewa kwa msasa. Na pale diski ilipotolewa, kutu kati yake na habu isafishwe mpaka chuma kionekane, kwa kuwa hata punje ndogo hapo huifanya diski iyumbe ikizunguka.

Kelele isimtie mtu hofu. Pedi za uwanjani hulia, hasa zikiwa baridi, na kulia huko si dalili ya hatari. Mlio wa chuma kwa chuma ni jambo jingine: gari lisimamishwe hapo hapo, gurudumu litolewe. Imetokea kwa mafundi wenye haraka pedi kufungwa kinyume, bamba likiitazama diski.

Baada ya kazi, nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu cha gari (kwa MX-5 hizo ni kati ya Nm 88 na 118), na zikaguliwe tena baada ya mzunguko wa kwanza gari likishapoa. Jaribio la kwanza la breki lifanyike kwa mwendo wa mtu anayetembea, mahali pasipo na watu.

Kwa mwenye gari, ombi ni moja. Usikubali pedi za zamani zitupwe kabla hujaziona. Mwambie fundi aziandike kwa kalamu zilikotoka, gurudumu gani na upande gani, kisha mpime pamoja unene wa kila moja kwenye pembe zake nne. Ya ndani ikiwa nyembamba kuliko ya nje kwenye kalipa inayosogea, tazameni pini za kuteleza. Ikiwa imeliwa mshazari, tafuteni pistoni inayoshika au sikio lililobanwa. Na ikiwa upande mmoja wa gari umeliwa kuliko mwingine, usilipe pesa ya pedi mpya mpaka sababu ijulikane.