Jike wa Miaka 16 Ambaye Hajawahi Kuzaa: Apandishwe au Aachwe?

Swali hili huletwa na watu wanaompenda farasi wao. Jike alikimbia mbio Ngong alipokuwa kijana, au alicheza polo Gilgil, au watoto wa nyumba nzima walijifunzia kupanda mgongoni mwake. Sasa ana miaka 15 au 16, asubuhi za baridi anachechemea kidogo, na mwenyewe anaanza kuwaza: akiondoka huyu, hapatabaki damu yake. Basi azae, hata mara moja.

Nia hiyo sina ugomvi nayo. Nina ugomvi na maneno yanayofuata, ambayo husemwa kwa uhakika mkubwa: "Hajawahi kuzaa, daktari, kwa hiyo kizazi chake bado kipya."

Wengi hulifikiria tumbo la jike asiyezaa kama shamba lililolazwa, linalojirudishia rutuba kila msimu unaopita bila jembe. Kizazi cha farasi hakiko hivyo. Kila siku 21 hivi jike huingia kwenye joto, homoni zikapanda na kushuka, ukuta wa ndani ukajiandaa kupokea mimba ambayo haikuja. Kazi hiyo huendelea mwaka baada ya mwaka. Kwetu karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, majike wengi hawapati hata yale mapumziko marefu ambayo farasi wa Ulaya huyapata wakati wa baridi. Mwaka 1991 Ricketts na Alonso, waliofanya kazi Newmarket nchini Uingereza, walichapisha uchunguzi wa ukuta wa kizazi kwa majike wa rika mbalimbali. Walikuta uchakavu ukiongezeka kwa umri, na majike wazee wasiowahi kuzaa hawakusalimika.

Uchakavu wenyewe ni makovu. Ndani ya ukuta wa kizazi mna tezi nyingi ndogo, na makovu yakizizunguka huzibana mpaka zishindwe kutoa majimaji yake. Mtu anaweza kuuliza majimaji hayo ni ya nini. Kwa farasi ni ya muhimu kuliko kwa wanyama wengi, kwa sababu kiinitete chake huchelewa sana kushika ukuta. Mpaka kama siku ya 16 huwa kinatembea ndani ya kizazi, kikienda pembe hii na kurudi ile, na kwa kutembea huko ndiko kinaupasha mwili wa mama habari kwamba kipo. Kikishatulia, bado wiki kadhaa hupita kabla kondo la nyuma halijaanza kushikamana, karibu na siku ya 40. Muda wote huo chakula chake ni hayo majimaji ya tezi. Tezi zikibanwa, mimba hufa njaa mapema, kimya kimya, na mwenye farasi huona tu kwamba jike amerudi kwenye joto. Majike wazee wengi pia huwa na vifuko vya maji ndani ya kizazi. Vikiwa vichache havidhuru. Vikiwa vikubwa na vingi huziba njia ya kiinitete kinachotembea, na humchanganya hata daktari anayetazama picha ya ultrasaundi, kwa kuwa kifuko na mimba changa hufanana.

Habari njema ni kwamba makovu hupimika. Daktari hupitisha koleo refu kwenye mlango wa kizazi, anachukua kinyama kidogo cha ukuta na kukipeleka maabara. Jike hahisi maumivu makubwa na anarudi malishoni siku hiyo hiyo. Madaraja tunayotumia kusoma kinyama hicho yalitungwa na Robert Kenney wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1978, kisha yeye na Doig wakayapanua mwaka 1986. Jike wa daraja la I anatarajiwa kufikisha mimba mpaka kuzaa kwa asilimia 80 hadi 90. Wa IIA ni asilimia 50 hadi 80, wa IIB ni 10 hadi 50, na wa daraja la III hafiki asilimia 10. Makadirio hayo yanamhusu jike anayepata matunzo mazuri. Akipandishwa ovyo, hata daraja la I halitamsaidia.

Kipimo hiki ndicho ningetaka kila mwenye jike mzee akilipie kwanza, kabla ya ada ya dume, kabla ya usafiri, kabla ya kuchagua jina la mtoto. Mara nyingi hufanyika kinyume: msimu mzima wa kupandisha hupita bila mafanikio ndipo kinyama kinachukuliwa, na jibu linakuta fedha zimekwisha.

Kizazi hakibebi lawama yote. Jike huzaliwa na akiba yote ya mayai yake, kwa hiyo yai la jike wa miaka 16 nalo lina miaka 16. Mwaka 1995 Elaine Carnevale na O. J. Ginther wa Wisconsin walichukua mayai ya majike vijana na ya majike wazee, wakayahamishia kwa majike vijana wenye vizazi vizuri. Mayai ya vijana yalifikia kuwa mimba inayoonekana kwa asilimia 92. Ya wazee kwa asilimia 31. Jaribio hilo lilikata mzizi wa ubishi mmoja, yaani kwamba jike mzee akipata kizazi cha kuazima tatizo limekwisha. Halijaisha. Na yai hatuna kipimo chake kama tulivyo na kinyama cha kizazi. Ndiyo maana jike wa daraja zuri bado anaweza kukataa kushika.

Tuje kwenye kupandisha kwenyewe, maana hapa ndipo jike mzee asiyewahi kuzaa anapotofautiana na mzee mwenzake aliyezaa mara sita. Mlango wake wa kizazi haujawahi kufunguka kupitisha mtoto, na kwa wengi umekakamaa: jike yuko kwenye joto, anamtaka dume, lakini mlango haulegei sawasawa. Mbegu za dume zikiingia huamsha uvimbe ndani ya kizazi, jambo la kawaida kabisa kwa kila jike. Kijana huyasukuma nje maji ya uvimbe huo ndani ya nusu siku hivi. Mzee ambaye misuli ya kizazi chake imelegea, na kizazi kimeshuka tumboni, huyabakiza. Na kama mlango nao umebana, maji hayana pa kutokea. Yai likirutubishwa na kushuka baada ya siku tano au sita linakuta dimbwi.

Tiba yake si ngumu ikipangwa mapema. Jike mzee apandishwe mara moja tu kwa mzunguko, karibu kabisa na yai kutoka. Saa nne hadi sita baadaye daktari aangalie kwa ultrasaundi, na maji yakiwepo amsafishe kizazi kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa na kumpa sindano ya oksitosini ili misuli ikaze. Kwa mpango huo huenda daktari akaja shambani mara nne au tano kwa mzunguko mmoja. Mwenye farasi anayeishi mbali na daktari wa farasi, na kwetu madaktari hao si wengi, ahesabu hilo kabla hajaanza. Saisi mzuri naye ni nusu ya kazi. Yeye ndiye anayeona jike ameanza kuinua mkia na kukojoakojoa akipita karibu na dume, na daftari lake la tarehe linafaa kuliko kumbukumbu ya mwenye mali.

Kuhusu dume, kuna kanuni inayowashangaza wengi. Ikiwa jike ni thorobredi na unataka mtoto asajiliwe kwa mbio, hakuna uhimilishaji wala uhamishaji wa kiinitete. Vitabu vya nasaba vya thorobredi duniani kote hutaka dume ampande jike kwa njia ya asili. Kwa farasi wa kurukia vizuizi, wa polo au wa kupanda tu, milango iko wazi. Hata hivyo, kwa jike mzee mimi huzikwepa mbegu zilizogandishwa. Zinaishi muda mfupi ndani ya kizazi, kwa hiyo yai lazima liviziwe kwa saa, usiku na mchana, na wengi tumeona zikiamsha uvimbe mkali zaidi.

Halafu kuna jike mwenyewe, ambaye katika mazungumzo haya husahaulika. Mimba ya farasi huchukua siku 340 hivi. Mtoto huzaliwa na uzito wa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa mama, kwa hiyo jike wa kilo 500 hubeba mtoto wa kilo 50 pamoja na maji na kondo la nyuma, juu ya miguu ambayo huenda ilistaafu mbio kwa sababu ya maumivu. Jike anayechechemea leo akiwa mtupu, mwezi wa kumi wa mimba hatakuwa na nafuu. Kuanzia miaka 15 pia nataka damu ipimwe ugonjwa wa Cushing, unaotokana na tezi iliyo chini ya ubongo. Huvuruga mzunguko wa joto, hudhoofisha kinga, na huleta laminaitisi, ule uvimbe wa ndani ya kwato unaoweza kumlaza farasi asiinuke tena.

Fedha na wataalamu hawaiondoi hatari hii. Urban Sea, aliyeshinda Prix de l'Arc de Triomphe mwaka 1993 na kuwazaa Galileo na Sea The Stars, alikufa mwaka 2009 baada ya kuzaa, akiwa na miaka 20. Black Caviar wa Australia, aliyeshinda mbio zake zote 25, alikufa Agosti 2024 kwa laminaitisi, muda mfupi baada ya kuzaa, akibakiza siku moja kutimiza miaka 18. Wote wawili walikuwa wameshazaa mara nyingi, na matunzo yao hayakuwa na kasoro ya fedha.

Jike akishika, picha ya kwanza ipigwe siku ya 14 hadi 16. Wakionekana mapacha, kimoja kiondolewe papo hapo wakati bado vinatembea. Mapacha wa farasi mara chache hufika salama, na kwa mama mzee ni hatari maradufu. Picha nyingine ipigwe karibu na siku ya 28, mapigo ya moyo yanapoonekana. Tarehe hizi zina sababu. Baada ya siku ya 35 hivi kondo hujenga vijungu vidogo vya homoni ukutani, na mimba ikiharibika baada ya hapo, vijungu hivyo hubaki vikifanya kazi na jike harudi kwenye joto la kawaida kwa miezi kadhaa. Msimu umekwenda.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi sana: ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi baada ya mvua. Chanjo tunayoitumia ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na haifai kwa jike mwenye mimba changa. Ipangwe achanjwe mapema kabla ya kupandishwa. Faida ni mbili, kwani mtoto wa farasi huzaliwa bila kingamwili na kuzipata zote kwenye dang'a. Mama aliyechanjwa humwachia mtoto kinga ya miezi yake ya kwanza. Dang'a hiyo lazima inyonywe saa za mwanzo, na kwa mama mzee ipimwe ubora wake.

Siku ya kuzaa sitaikalia sana. Mtu awepo, basi. Maji yakipasuka, mtoto atoke ndani ya nusu saa. Asimame ndani ya saa moja, anyonye ndani ya mbili, kondo litoke ndani ya tatu. Likitangulia kutoka pazia jekundu badala ya utando mweupe, lichanwe pale pale bila kumngoja daktari, kwa sababu mtoto anakosa hewa. Na jike asiyewahi kuona mtoto wake anaweza kumwogopa au kumpiga teke, hata awe mpole kiasi gani kwa watu.

Je, uhamishaji wa kiinitete? Waargentina wa polo wameufanya kuwa jambo la kila siku: kiinitete huoshwa kutoka kwa jike siku ya saba au ya nane na kupandikizwa kwa jike kijana anayebeba mimba. Kwa jike mwenye kizazi chakavu au kwato mbovu ni njia ya huruma, mradi mwenye mali akumbuke zile asilimia 31 na awe na jike mwingine aliye tayari kwa tarehe hiyo hiyo.

Msimamo wangu ni huu. Jike wa miaka 16 wa daraja la I au IIA, mwenye miguu mizima na damu safi, ajaribiwe mizunguko mitatu, idadi ikubaliwe kabla ya kuanza, na baada ya hapo aachwe. Wa IIB nitamwambia mwenyewe atafute jike wa kubeba mimba, au asahau. Wa daraja la III hapandishwi, hata kama ndiye farasi bora aliyewahi kuingia zizini kwako. Na ikiwa unachotaka ni farasi mwingine wa kupanda, kila mwaka wapo vijana wanaotoka mbioni Ngong wakitafuta makazi, na ukimchukua mmoja wao utakuwa mgongoni mwake angalau miaka mitatu mapema kuliko mwenzako anayengoja mtoto.

Kwa mwenye jike wa miaka minane au tisa anayesema atamzalisha "baadaye, akistaafu", ombi langu ni fupi: mwite daktari amkague msimu huu.