Picha ya mateka aliyekombolewa isiyoshangilia ushindi

VITA vinapokoma, wengi hutarajia picha za bendera zikipepea na umati ukishangilia. Stella Bowen, mmoja wa wanawake watatu walioteuliwa kuwa wachoraji rasmi wa Australia katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, alituachia picha ya aina nyingine.

Picha hiyo ya rangi za mafuta, aliyoichora mwaka wa 1945, inaitwa Private, Gowrie House. Inamwonyesha askari wa Australia aliyekuwa ametoka katika kambi za mateka nchini Ujerumani.

Maelfu ya wanajeshi wa Australia walitekwa mwaka wa 1941 katika mapigano ya Ugiriki, Krete na Afrika Kaskazini. Walipokombolewa, wengi hawakusafirishwa makwao moja kwa moja. Walipokewa kwanza mjini Eastbourne, kusini mwa Uingereza, wakingoja meli. Gowrie House ilikuwa mojawapo ya nyumba walimofikia.

Jina la picha lina uzito wake. 'Private' ni cheo cha chini kabisa cha askari. Mtazamaji haambiwi jina la mtu huyu, bali cheo chake na nyumba alimokaa tu. Hivyo uso mmoja unawawakilisha maelfu.

Je, kwa nini achorwe ilhali kamera zilikuwapo? Kamera hunasa nukta moja ya wakati. Mchoraji huketi na mtu, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaamua ni lipi la kutiliwa mkazo na ni lipi la kuachwa.

Bowen alikuwa ameonja uchungu wa kazi hiyo. Mnamo Aprili 1944, alianza kuwachora wanajeshi saba wa ndege ya mabomu aina ya Lancaster. Kabla hajamaliza, ndege yao ilidunguliwa katika shambulio dhidi ya Friedrichshafen, Ujerumani. Sita walifariki na mmoja akatekwa. Ilimbidi akamilishe kazi kwa kutegemea michoro ya awali na picha za kamera.

Picha zote mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya vita ya Australia jijini Canberra. Bowen mwenyewe, aliyeondoka Australia mwaka wa 1914, alifariki London mwaka wa 1947 bila kurejea kwao.

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata hivyo, uso wa askari huyo unatukumbusha kwamba lango la kambi hufunguliwa kwa siku moja, lakini safari ya mateka kurudia maisha yake huwa ndiyo kwanza imeanza.