Mtoto wa mbwa akikung'ata 'kwa mchezo': sabuni kwanza, kisha hospitali siku hiyohiyo

Wiki hii nilipokea ujumbe wa mama mmoja anayeishi Nyanda za Juu Kusini, ambako baridi ya Juni na Julai haina mzaha. Mama huyu anafuma skafu za duara nyumbani kwake, zile zisizo na ncha ambazo mtu huzipitisha kichwani zikakaa shingoni. Wateja wake ni wazazi wa wanafunzi na vijana wa bodaboda. Aliandika hivi:

"Shikamoo daktari. Nimepewa mtoto wa mbwa, ana kama miezi miwili. Nikikaa kufuma anakimbilia donge la uzi, anavuta, na nikimnyang'anya ananing'ata vidole. Leo asubuhi meno yamepita, damu kidogo ikatoka. Mwanangu wa miaka mitano naye kakwaruzwa mkononi. Jirani anasema mbwa mdogo hivyo hawezi kuwa na kichaa, nipake majivu tu. Ni kweli?"

Marahaba mama. Si kweli. Nilimjibu siku hiyohiyo kwa simu, kwa sababu jambo hili halisubiri gazeti: weka sindano za kufumia chini, nawa wewe na mtoto kwa maji na sabuni, kisha nendeni hospitali leo. Maelezo yanayofuata ni kwa ajili yako pia, msomaji, kwa sababu mbwa wadogo wako kwenye nyumba nyingi na majirani wa namna hiyo ni wengi.

UDOGO WA MBWA SI KINGA

Kwanza tumtendee haki mnyama. Mtoto wa mbwa hung'ata kwa sababu ndivyo alivyo. Meno yake ya utoto huanza kutoka akiwa na wiki tatu hivi, yanafika 28, nayo ni membamba na makali kama ncha za pini. Kuanzia karibu na mwezi wa tatu au wa nne meno hayo hung'oka na kupisha ya ukubwani, na katika kipindi hicho fizi humuwasha. Ndiyo maana kandambili, mguu wa kiti, donge la uzi na vidole vyako vyote huishia mdomoni mwake. Watoto wengi wa mbwa wanaong'ata hivyo ni wazima kabisa.

Shida ni kwamba huwezi kujua kwa macho. Kichaa cha mbwa husababishwa na kirusi kinachokaa kwenye mate ya mnyama aliyeambukizwa. Kabla hujaletewa mbwa huyo, alikuwa na mama yake na ndugu zake kwenye boma la mtu mwingine. Mbwa mzururaji akipita hapo usiku na kuwang'ata, mwenye boma anaweza asijue. Isitoshe, mbwa aliyeambukizwa anaweza kuwa na kirusi kwenye mate siku chache kabla hajaonyesha dalili yoyote. Atacheza, atakula, atakulamba, na bado akawa hatari.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao Afrika na Asia. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Mtoto hucheza na mbwa uso kwa uso, na mara nyingi hasemi akiumizwa kwa sababu anaogopa mbwa atafukuzwa au yeye mwenyewe atachapwa. Mwambie mwanao mapema kwamba akikwaruzwa akuambie, na kwamba hutamgombeza.

Baada ya kung'atwa, dalili kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu kujitokeza, ingawa zinaweza kuja ndani ya wiki moja au zikachelewa hadi mwaka. Huanza na homa na kuchomachoma au kufa ganzi pale penye kidonda. Baadaye mgonjwa hupata mtikisiko wa mwili, hushindwa kumeza, na hata kuona maji humtisha. Zikifika hapo, karibu kila mgonjwa hufariki. Lakini kabla ya hapo ugonjwa huu unazuilika. Ule muda wa kati, baada ya jino kupita na kabla ya dalili kuanza, ndio nafasi pekee tuliyo nayo.

DAKIKA 15 ZA MAJI NA SABUNI

Kirusi hiki kimefunikwa na ganda la mafuta, na sabuni huliharibu ganda hilo. Sabuni ya kipande, ya kufulia au ya maji, yoyote uliyo nayo inafaa.

Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Kama huna bomba, mtu akumiminie kwa jagi au kata huku wewe ukiosha. Usioshee kwenye beseni la maji yaliyotuama. Ukimaliza, paka dawa ya ayodini au spiriti kama ipo.

Usipake majivu, pilipili, chumvi, mafuta ya taa wala majani yaliyopondwa. Vitu hivyo huumiza nyama na kukuchelewesha kufika hospitali. Usikaze kidonda kwa kitambaa, na usikimbilie kushonwa kabla daktari hajakiona.

Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Si kila zahanati ina chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo uliza mapema wakuelekeze inakopatikana. Mhudumu atapima uzito wa tukio. Kulambwa kwenye ngozi isiyo na jeraha hakuhitaji chanjo, kunawa kunatosha. Mkwaruzo mdogo usiotoa damu, kama wa mtoto wa mama yule, unahitaji chanjo. Jino likipenya ngozi, kama ilivyokuwa kwa mama mwenyewe, au mate yakiingia kwenye jeraha, jichoni au mdomoni, kunahitajika chanjo pamoja na dawa ya kinga za haraka inayochomwa ndani na kuzunguka kidonda. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Chanjo haitolewi mara moja. Siku ya kwanza huitwa siku 0, kisha unarudi siku ya 3 na ya 7, na kwa baadhi ya ratiba unarudi tena baadaye. Ziandike tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani. Usiache katikati kwa sababu kidonda kimepona, kwani kidonda hupona haraka lakini kirusi kinaweza kuwa njiani kuelekea kwenye ubongo. Mjamzito na anayenyonyesha wanaruhusiwa kuchanjwa. Na kama uling'atwa siku kadhaa zilizopita ukakaa kimya, bado nenda. Kuchelewa ni afadhali kuliko kutokwenda kabisa.

Chanjo hii ina historia inayomhusu mtoto. Tarehe 6 Julai 1885 jijini Paris, Louis Pasteur alisimamia chanjo yake ilipotolewa kwa Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa aliyekuwa ameng'atwa vibaya na mbwa. Mvulana huyo alipona. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na hadi leo 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

NA MBWA MWENYEWE?

Usimuue na usimtupe. Mfungie mahali salama, mpe chakula na maji, na mchunguze kwa siku 10 huku ofisa mifugo akijulishwa. Mbwa akibaki mzima siku zote 10, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini usisubiri siku 10 ziishe ndipo uanze chanjo. Mbwa akibadilika tabia, akitokwa mate mengi, akishindwa kumeza, akipooza miguu au akifa, piga simu kwa ofisa mifugo na usimshike kwa mikono mitupu.

Kama yuko salama, mchanje akifika miezi mitatu, kisha arudie kila mwaka. Kampeni ya chanjo ikipita mtaani kwako, mpeleke hata akiwa mdogo zaidi ya hapo. Wataalamu wanasema angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zimeonyesha kuwa maambukizi yanaweza kukatishwa.

UZI, SINDANO NA MDOMO WA MBWA

Sasa turudi kwenye kiti cha kufumia. Mwanzo wa tukio la mama yule ulikuwa kunyang'anya uzi. Mtoto wa mbwa akinyang'anywa hudhani mnacheza, naye huongeza kung'ata. Badala ya kuvuta, mpe kitu kingine cha kutafuna, kama kamba nene iliyofungwa mafundo. Akikung'ata, acha mchezo, simama na umpe mgongo. Usimzoeshe kucheza na vidole vyako hata kama leo haumii, kwa sababu baada ya miezi sita taya hilohilo litakuwa na nguvu nyingine.

Weka uzi kwenye kikapu chenye mfuniko au ndoo, na utoe ncha moja tu. Mbwa akimeza uzi mrefu, unaweza kunasa na kukunja utumbo kama kitambaa kilichovutwa uzi. Ukiuona umening'inia mdomoni au sehemu ya haja kubwa, usiuvute, maana unaweza kukata utumbo kwa ndani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, hasa akitapika au akikataa kula. Sindano za kufumia nazo zisiachwe kwenye kochi, kwani zinaweza kumchoma jicho mtoto anayekimbizana na mbwa.

Mtoto wa chini ya miaka mitano asiachwe peke yake na mbwa, hata dakika moja. Na kwa kuwa tunazungumzia skafu: ivue shingoni mwa mtoto mchanga kila anapolala, kwa sababu inaweza kupanda na kuziba pua na mdomo.

MINYOO ISIYOONEKANA

Watoto wengi wa mbwa huzaliwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama yao, au huipata kupitia maziwa. Mayai yake hutoka na kinyesi na kukaa kwenye udongo. Mtoto anayechezea udongo kisha akaweka mkono mdomoni huyameza, na viluwiluwi vyake vinaweza kuingia kwenye ini, mapafu au hata jicho na kuharibu uwezo wa kuona.

Dawa ya minyoo kwa mbwa huanza mapema, akiwa na wiki mbili, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi afike wiki nane hivi. Baada ya hapo fuata ratiba ya daktari wa mifugo. Zoa kinyesi kila siku, kwa kuwa mayai hayo huhitaji wiki mbili hivi au zaidi kwenye udongo kabla ya kuweza kuambukiza. Wanao wavae viatu uani na wanawe mikono kabla ya kula. Nawe nawa kabla ya kurudi kwenye kazi yako, kwani skafu hiyo itakaa karibu na mdomo wa mtu mwingine.

KAMA UNA MARADHI YA MUDA MREFU

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuwa amekaa anafuma, mbwa yuko chini, na asijue kwamba kidole cha mguu kimetafunwa. Vaa viatu vilivyofungwa na ukague nyayo kila jioni. Usimruhusu mbwa alambe kidonda; mate yake hayatibu, yana bakteria.

Mwenye kinga dhaifu, anayetumia dawa za saratani au aliyeondolewa wengu, amwone daktari kwa kila jeraha la mbwa, hata dogo. Mwenye pumu asilale chumba kimoja na mbwa, na asiweke nyuzi zake mahali mbwa anapolala.

Na wewe unayefuma saa nyingi, pumzisha mikono kila baada ya nusu saa. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa inayokuamsha usiku, ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Mweleze daktari mapema.

Yule mama alinipigia jioni ileile. Yeye na mwanawe walikuwa wameshapata sindano ya kwanza, mbwa alikuwa amefungiwa kibandani, na ofisa mifugo wa kata alikuwa na namba yake. Alikuwa na swali moja tu: je, jirani naye aambiwe? Nilimjibu aambiwe, kwa upole, na apelekewe kipande cha sabuni.