Kumzoeza Kasuku Kuvaa Mkanda wa Kidari

Mkanda wa kidari ni vazi jepesi la utepe laini ambalo ndege wa kufugwa, hasa kasuku, huvishwa ili atoke nje bila kupotea. Una kitanzi kinachopita shingoni na vingine viwili vinavyozunguka mwili, kimoja kwa kila bawa. Vyote hukutana mahali pamoja, na hapo ndipo ugwe unaoshikwa na mfugaji ulipounganishwa. Ukivaliwa sawasawa, mabawa hubaki huru kukunjuka na ndege hupumua bila kubanwa. Kumvisha kasuku aliyezoea ni kazi ya dakika moja. Kumfikisha hapo huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla mkanda haujagusa unyoya hata mmoja.

Kwa nini mkanda

Mtaani Mchesi, jijini Lilongwe, ndege wanaoonekana zaidi uani ni kuku na njiwa, na kila mmoja ana njia yake ya kuzuiwa. Njiwa hahitaji kamba: hufunguliwa asubuhi na jioni hurudi bandani mwenyewe, kwa kuwa ana silika ya kurejea kwao. Kuku wa sokoni hufungwa kamba mguuni, na kwa kuwa hutembea zaidi kuliko kuruka, kwa kawaida haumii.

Kasuku hafai kwa njia yoyote kati ya hizo. Hana silika ya njiwa. Akishtuka huruka juu na mbali, na yule aliyekulia ndani ya nyumba mara nyingi hajui hata namna ya kushuka kutoka kwenye mti mrefu. Akifungwa mguu, nguvu yote ya kuruka kwake hukomea kwenye mfupa mwembamba pale kamba inapofika mwisho. Mguu unaweza kuvunjika au nyonga ikateguka. Mkanda wa kidari huisambaza nguvu hiyo kwenye kiwiliwili chote, na ugwe wa mpira unaovutika hupunguza mshtuko.

Kutoka nje nako kuna faida ya afya. Kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, huelekea kupungukiwa na kalisi katika damu. Upungufu huo ukizidi humfanya atetemeke au kupata degedege. Mwili wake hutumia kalisi vizuri ukipata vitamini D, ambayo hutengenezwa kwa msaada wa miale ya jua, na kioo cha dirisha huizuia miale inayohusika. Ndege anayekaa dirishani mchana kutwa huona mwanga tu, ilhali nusu saa ya jua la asubuhi uani humletea kile ambacho mwili wake unahitaji.

Ndege yupi

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, wakazi wengi wametoka Kongo, nchi ambayo misitu yake ya Maniema na Tshopo ndiyo makao makubwa ya kasuku wa kijivu. Malawi haina kasuku huyo porini. Kasuku wake wa asili ni wengine, miongoni mwao wale wadogo wenye uso mwekundu wa Hifadhi ya Taifa ya Liwonde, ambao uzito wao haufiki gramu 50.

Sheria huja kabla ya mafunzo. Mwaka 2016, katika mkutano uliofanyika Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilimwingiza kasuku wa kijivu katika Kiambatisho cha Kwanza, na uamuzi huo ulianza kutumika Januari 2017. Tangu hapo, biashara ya kimataifa ya ndege hao waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Nchini Malawi, masuala ya vibali hushughulikiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yaliruhusu kifungo cha hadi miaka 30 kwa makosa mazito dhidi ya wanyamapori. Kabla ya kumpokea kasuku yeyote, au kumvusha mpaka, karatasi zake huulizwa kwanza.

Sheria hiyo na mafunzo vinakutana mahali pamoja: woga. Kasuku wengi wa porini hunaswa kwa ulimbo unaopakwa matawini au kwa nyavu, kisha husafirishwa wakiwa wamesongamana kwenye makasha. Wengi hufa njiani. Anayebaki hai hukumbuka mkono wa binadamu na kitu kilichomganda mwilini, na kumvisha mkanda ni kumrudisha kwenye tukio lile lile. Huko Lwiro, karibu na Bukavu, kituo kinachojulikana kwa kuwatunza sokwe yatima hupokea pia kasuku waliokamatwa kwa wafanyabiashara. Kinachotakiwa kwa ndege kama hao ni kupona na kurudi msituni. Mkanda unamfaa ndege aliyezaliwa na kulelewa kwa binadamu, mwenye afya, na ambaye tayari hupanda mkononi kwa hiari.

Mwili wa ndege na kipimo cha mkanda

Ndege hana kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kama alichonacho mwanadamu. Hupumua kwa kupandisha na kushusha mfupa wa kidari, na hewa hupita kwenye vifuko vilivyoenea mwilini hadi ndani ya baadhi ya mifupa. Maana yake ni kwamba pua na mdomo vinaweza kuwa wazi kabisa na ndege bado akakosa pumzi kwa sababu kidari kimebanwa. Hii ndiyo sababu hashikwi kwa kukamatwa kifuani, na hii ndiyo sababu mkanda wa kubana ni hatari kuliko kutokuwa na mkanda.

Mikanda ya dukani huuzwa kwa uzito wa ndege, kwa hiyo kasuku hupimwa kwanza kwenye mizani ya jikoni. Kasuku wa kijivu mzima huwa na gramu 400 hadi 500 hivi. Mkanda uliokaa vizuri huacha nafasi ya kupenyeza ncha ya kidole kidogo kati ya utepe na mwili. Ukilegea zaidi, ndege hutoa bawa au hunasa mdomo wake ndani ya kitanzi. Kamba nyembamba ya nailoni haifai hata kwa dharura, kwa kuwa hukata ngozi, na utepe uliochanika huachia nyuzi zinazoviringika kwenye vidole. Wakati ndege anapobadilisha manyoya, mafunzo husimamishwa: unyoya mchanga una damu ndani, na ukivunjika huuma na kuvuja.

Msingi wa mafunzo

Njia inayotumika leo imejengwa juu ya mambo mawili. La kwanza ni kuondoa woga kidogo kidogo, mbinu iliyopewa umbo na daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini, aliyechapisha kazi yake kubwa mwaka 1958: kitu kinachotisha husogezwa kwa kiwango ambacho hakiamshi woga, huku mwenye woga akipata jambo la kumpendeza. La pili ni tuzo. B. F. Skinner wa Marekani alionyesha, akitumia panya na njiwa, kwamba tendo linalofuatwa na jambo zuri hurudiwa.

Kasuku anaimudu elimu hiyo vizuri. Alex, kasuku wa kijivu aliyenunuliwa na mtafiti Irene Pepperberg mwaka 1977 na kufa mwaka 2007, alijifunza majina ya vitu na sifa zaidi ya 100, akatambua rangi, maumbo na idadi ndogo. Alijua pia kukataa kwa kusema. Kasuku wa nyumbani hukataa kwa mwili. Hubana manyoya, huegemea upande wa pili, mboni zake hupanuka na kusinyaa haraka, hunguruma au huinua mguu kujikinga. Kung'ata huja mwisho, baada ya ishara hizo kupuuzwa. Mfugaji anayezisoma mapema na kurudi nyuma hatua moja hupoteza dakika chache. Anayelazimisha anaweza kupoteza imani iliyojengwa kwa miaka.

Hatua kwa hatua

Kwanza huchaguliwa tuzo. Kitu anachokipenda kuliko vyote, mara nyingi kipande cha karanga isiyo na chumvi au mbegu ya alizeti, huondolewa kwenye chakula cha kila siku na kubaki kwa mafunzo tu. Parachichi halitumiki kamwe, kwa kuwa ni sumu kwa kasuku. Chokoleti nayo ni hivyo hivyo. Huchaguliwa pia neno moja fupi, kwa mfano "safi", linalotamkwa papo hapo ndege anapofanya sawa, kisha tuzo hufuata. Kila kipindi ni dakika 5 hivi, mara mbili au tatu kwa siku, na huisha ndege akiwa bado ana hamu.

Hatua ya kwanza ni macho. Mkanda hulazwa mahali ambapo kasuku anauona bila kubadilika: mwisho wa meza, au upande wa pili wa chumba. Akiutazama kwa utulivu hupewa tuzo. Kila siku husogezwa karibu kidogo, hadi anakula karanga iliyowekwa kando yake. Haufai kutundikwa ndani ya tundu lake, kwa kuwa tundu ni mahali pa kupumzika, na mkanda ulioachwa humo hutafunwa au humnasa.

Hatua ya pili ni kuguswa, na hapa mkanda hauhitajiki. Kasuku wengi hupenda kukunwa kichwani lakini hawataki kushikwa mgongoni wala chini ya bawa. Kidole hugusa bega kwa sekunde moja, neno hutamkwa, tuzo hutolewa. Polepole hufika ubavuni, kisha huinua bawa kidogo. Wapo wanaojifunza kuinua bawa wenyewe wakiambiwa, na hao hurahisisha kila kinachofuata.

Hatua ya tatu ni kitanzi cha shingo. Kitanzi hupanuliwa na kushikwa wazi, na karanga huonyeshwa upande wa pili. Mwanzoni kasuku huichukua kwa kunyoosha mdomo tu. Siku zinazofuata karanga hurudishwa nyuma, hadi apitishe kichwa chote kwa hiari yake. Hiki ndicho kiini cha mafunzo yote: ndege huingia ndani ya mkanda, mkanda haumfuati ndege. Kichwa kikipita na kurudi mara nyingi bila wasiwasi, ndipo kitanzi huachiwa kigusane na manyoya ya shingo.

Hatua ya nne ni mabawa. Kitanzi hupitishwa bawa moja, tuzo hutolewa, kisha huondolewa. Bawa la pili husubiri siku nyingine. Vyote viwili vikishakubalika, mkanda hukazwa polepole, na mara ya kwanza huvuliwa baada ya sekunde chache. Muda huongezwa hadi dakika 10, kisha nusu saa, huku ndege akila au akichezea kitu. Ni kawaida autafune mwanzoni, na dawa yake ni kumpa kazi nyingine ya mdomo. Akianguka chali au akihema mdomo wazi, mkanda huvuliwa kwa utulivu na mafunzo hurudi nyuma.

Ndege mchanga aliyetoka kuachishwa kulishwa kwa mkono huweza kumaliza hatua hizi kwa muda mfupi. Kasuku mzima, hasa aliyewahi kushikwa kwa nguvu, huhitaji miezi.

Kutoka nje

Ugwe hujaribiwa ndani kwanza, ukiwa mfupi. Kamba ndefu humpa ndege nafasi ya kuongeza kasi, na kasi ndiyo inayoumiza mwishoni. Kabla ya kila safari, utepe, mishono na kiungo cha ugwe hukaguliwa, kwa kuwa mdomo unaopasua kokwa gumu hukata utepe kwa muda mfupi.

Safari ya kwanza ni ya uani, asubuhi, dakika chache tu. Barabara ya Mchesi yenye honi na kengele za kabaza, yaani baiskeli za kubeba abiria, huja baadaye sana, ikiwa itakuja. Juu kuna mwewe, na chini kuna mbwa na paka, ambao mkanda haumkingi nao: kasuku hubaki mkononi au begani, na ugwe hubaki mkononi mwa mtu mzima. Haufungwi kwenye mti au kiti hata kwa dakika moja. Kivuli na maji ni lazima katika joto la Oktoba, na asubuhi za baridi za Juni na Julai husubiri jua lipande. Kupunguza manyoya ya mabawa hakuchukui nafasi ya mkanda, kwa kuwa upepo huweza kumbeba hata ndege aliyepunguzwa.

Mkanda huvuliwa kila mara wanaporudi. Manyoya yanayoukalia hutazamwa kama yamevunjika, na ngozi kama imechubuka.

Wapo kasuku ambao hawaukubali mkanda hata baada ya subira ndefu, na wapo ndege wadogo mno kuuvaa kwa usalama. Kwao lipo tundu la safari, lenye kijiti cha kutulia na kitambaa cha kufunika upande mmoja. Likiwekwa uani penye jua na kivuli, mfugaji akiwa kando, huwapa jua na hewa ile ile.