Kompyuta Inayopata Joto Kupita Kiasi

Shule moja ya msingi ilikuwa na kompyuta moja tu. Kompyuta hiyo iliwekwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, nayo ndiyo iliyotumika kuchapa mitihani ya shule nzima. Mwezi wa Novemba, jua lilipokuwa kali, kompyuta ilianza kuzimika yenyewe. Asubuhi ilifanya kazi kwa muda wa nusu saa. Mchana haikumaliza hata dakika kumi. Kila ilipozimika, maswali ambayo hayajahifadhiwa yalipotea, na mwalimu alilazimika kuyachapa upya. Siku za mtihani zilikuwa zinakaribia.

Mwalimu mmoja alisema kwamba kompyuta imezeeka, afadhali itupwe. Mwingine alidhani imeingiwa na virusi. Mwalimu wa sayansi hakusema neno. Aliweka kiganja chake nyuma ya sanduku la kompyuta, mahali ambapo hewa hutokea. Sanduku lilikuwa la moto, lakini upepo uliotoka ulikuwa hafifu sana. Ndipo aliposema, "Kompyuta hii haina ugonjwa wowote. Inajipika."

Je, alijuaje? Ili tuelewe jambo hili, inatupasa kwanza tujue joto la kompyuta hutoka wapi, na huondoka kwa njia gani.

Joto hutoka wapi?

Umekwisha kujifunza kwamba umeme unapopita katika waya, waya hupata joto. Pasi ya umeme hufanya kazi kwa njia hiyo. Ndani ya kompyuta mna sehemu iitwayo prosesa. Hii ndiyo sehemu inayofanya hesabu zote na kutoa amri kwa sehemu nyingine. Moyo wa prosesa ni kipande chembamba cha silikoni ambacho ukubwa wake unakaribia ule wa ukucha wa kidole gumba. Katika kipande hicho mna swichi ndogo mno ziitwazo transista. Prosesa iliyoitwa Intel 4004, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1971, ilikuwa na transista zipatazo 2,300. Prosesa nyingi za siku hizi zina mabilioni ya transista.

Kila mara transista inapofungua na kufunga njia ya umeme, umeme kidogo hugeuka kuwa joto. Joto la transista moja ni dogo sana, wala huwezi kulihisi. Lakini mabilioni ya transista zinapofanya kazi pamoja, joto lao huwa kubwa. Prosesa nyingi za kompyuta za mezani zimetengenezwa kwa kiasi cha wati 65, na nyingine hupita wati 100. Balbu ya zamani, ile yenye uzi ndani, ilikuwa ya wati 60, na mtu aliyeigusa ikiwaka aliungua vidole. Sasa fikiri joto kama lile likitoka katika eneo dogo kama ukucha! Tena, karibu umeme wote unaoingia katika prosesa huishia kuwa joto.

Taabu hii si ngeni. Mwaka 1946, huko Philadelphia nchini Marekani, watu walionyeshwa kompyuta iliyoitwa ENIAC. Ilijaza chumba kizima, ilikuwa na valvu za kioo zipatazo 18,000, na ilitumia umeme wa kilowati 150 hivi. Waliyoitengeneza walilazimika kuiwekea mashine za kupuliza hewa ili isiungue.

Njia ya joto

Joto haliwezi kuharibiwa likatoweka. Katika kompyuta, ni lazima lihamishwe kutoka mahali pamoja hadi pengine. Kwa hiyo kompyuta hujengewa njia ya kupitishia joto, kutoka kwenye prosesa hadi kwenye hewa ya chumba.

Jaribio la kwanza. Chukua kijiko cha chuma na kijiko cha mti vyenye urefu sawa. Paka siagi kidogo kwenye ncha ya mpini wa kila kijiko. Visimamishe ndani ya kikombe chenye maji ya moto. Siagi ya kijiko gani inayeyuka kwanza?

Utaona kwamba siagi ya kijiko cha chuma huyeyuka kwanza. Joto limesafiri ndani ya chuma kwa mpitisho. Metali hupitisha joto vizuri, na shaba na alumini hupitisha vizuri zaidi kuliko chuma. Kwa sababu hiyo, juu ya prosesa hukandamizwa bamba la shaba au la alumini. Juu ya bamba hilo yamepangwa mapande mengi membamba ya metali, yaliyosimama kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Mapande hayo huitwa mapezi, na chombo kizima tutakiita kipoza-joto.

Kwa nini mapezi yawe mengi? Jaribio la pili litakujibu. Mimina chai ya moto nusu kikombe, na kiasi kile kile katika kisahani. Baada ya dakika tano, onja zote mbili. Ile ya kisahani imepoa zaidi, kwa kuwa imeigusa hewa kwa eneo kubwa. (Wazee wanaonywea chai katika kisahani wanaijua sayansi hii tangu zamani.) Ni kweli kwamba chai hupozwa pia na mvuke unaotoka, na mapezi hayatoi mvuke. Lakini mapezi nayo huiongezea metali eneo la kugusana na hewa.

Hewa iliyo katikati ya mapezi ikipata moto hupanda juu, na hewa baridi huingia mahali pake. Huo ni myuko. Hata hivyo, myuko peke yake huenda polepole mno kwa prosesa ya wati 65. Kwa hiyo huwekwa feni ndogo inayosukuma hewa baridi katikati ya mapezi, na mara nyingi feni nyingine huitoa hewa ya moto nje ya sanduku.

Imebaki sehemu moja ambayo watu wengi huisahau. Ukiweka metali mbili zilizonyooka pamoja, utadhani zimegusana kila mahali. Sivyo. Zikitazamwa kwa hadubini, huonekana zina vilima na mabonde, na katika mabonde hayo mna hewa. Hewa iliyotulia ni mpitishaji mbaya sana wa joto. Shaba huishinda kwa zaidi ya mara elfu kumi. Ili kuifukuza hewa hiyo, mafundi hupaka grisi ya joto kati ya prosesa na kipoza-joto. Grisi hii haifanani kazi na ile ya baiskeli. Haipakwi ili vitu viteleze, bali ijaze mabonde.

Mahali njia inapozibika

Sasa tunaweza kurudi shuleni. Mwalimu wa sayansi alijua kwamba hewa isipotoka vizuri nyuma ya sanduku, njia ya joto imezibika mahali fulani. Alizima kompyuta, akachomoa waya wa umeme ukutani, akaiacha ipoe. Kisha aligusa metali ya sanduku ili umeme tuli wa mwilini mwake uondoke, maana cheche ndogo ambayo mtu haihisi huweza kuua transista. Alifungua parafujo kwa bisibisi, akauondoa ubavu wa sanduku.

Wanafunzi waliokuwa wakitazama walishangaa. Kati ya feni na mapezi palikuwa na vumbi jekundu lililoshikamana na nyuzi za nguo, limekuwa nene kama kipande cha blanketi. Chini yake palikuwa na mende wawili waliokufa. Feni ilikuwa ikizunguka, lakini hewa haikuweza kupenya.

Mwalimu alizuia feni kwa kidole isizunguke, akalegeza vumbi kwa brashi laini kavu, na mwanafunzi mmoja akalipuliza kwa pampu ya baiskeli. Hawakupuliza kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ina maji. Hawakutumia kitambaa chenye maji pia.

Kompyuta ilipowashwa tena, ilifanya kazi kwa saa nzima. Wote walifurahi. Halafu ikazimika.

Wengi wangekata tamaa hapo. Mwalimu alitazama kipimajoto kilichomo ndani ya prosesa, ambacho kompyuta yenyewe huweza kukionyesha kwenye kioo chake. Kilisoma nyuzi 96 za Sentigredi, lakini mapezi yalipoguswa baada ya kuzima yalikuwa na uvuguvugu tu. Fikiri kidogo: prosesa ni ya moto sana, na kipoza-joto si cha moto. Je, joto limekwama wapi?

Lilikuwa limekwama kati yao. Fundi aliitwa, naye akakiondoa kipoza-joto. Hakukivuta kwa nguvu, ila alikizungusha kidogo kidogo huku na huku, kwa sababu grisi iliyokauka hushika kama gundi na huweza kuing'oa prosesa pamoja nayo. Kweli, grisi ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Aliifuta kwa kitambaa safi na spiriti mpaka metali ikang'aa, akaweka grisi mpya katikati ya prosesa, kiasi cha punje ya mbaazi.

"Kidogo hivyo?" mwanafunzi mmoja aliuliza. "Kwa nini usipake nyingi?"

Fundi alimjibu, "Grisi inaishinda hewa, lakini haiifikii shaba hata kidogo. Nikiipaka nene, nitakuwa nimeivika prosesa blanketi."

Alikirudisha kipoza-joto, akakaza parafujo mbili zinazokabiliana kwa pembe, kisha mbili nyingine, ili bamba likae sawasawa. Akahakikisha kwamba waya wa feni umechomekwa. Kompyuta ilifanya kazi mchana kutwa, na kipimajoto hakikupita nyuzi 64.

Angalia! Kazi ya kufungua kompyuta ifanywe na fundi au mwalimu. Kisanduku cha metali kinachopokea umeme wa ukutani kisifunguliwe kabisa, hata waya ukiwa umechomolewa. Ndani yake umeme wa hatari huweza kubaki kwa muda.

Kompyuta hujikinga

Huenda unajiuliza kwa nini prosesa ile haikuungua. Prosesa za sasa hujikinga. Joto linapokaribia kikomo chake, ambacho kwa prosesa nyingi ni karibu nyuzi 100, prosesa hupunguza kasi yake ili itoe joto dogo zaidi. Joto likizidi kupanda, kompyuta hujizima. Kwa hiyo kompyuta inayokwenda polepole saa za mchana na upesi saa za asubuhi pengine inalia joto.

Feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa ya chumba. Tuseme prosesa fulani huizidi hewa ya chumba kwa nyuzi 40. Katika chumba cha Njombe chenye nyuzi 18, prosesa itakuwa na nyuzi 58. Ipeleke Dar es Salaam katika chumba chenye nyuzi 33, nayo itafika 73, bila kuharibika kitu chochote. Ndiyo maana kompyuta isiwekwe juani, wala isisukumwe ikagusa ukuta. Katika ofisi nyingi kompyuta hufunikwa kitambaa kilichofumwa vizuri ili isipate vumbi. Hilo ni jambo jema, mradi kitambaa kiondolewe kabla ya kuiwasha.

Maswali

1. Taja sehemu ambazo joto hupitia kutoka kwenye prosesa hadi kwenye hewa ya chumba.
2. Kwa nini kipoza-joto kina mapezi mengi membamba?
3. Grisi ya joto hufanya kazi gani? Eleza kwa nini hupakwa kidogo.
4. Kompyuta moja ina prosesa ya moto na mapezi ya moto sana, lakini feni haizunguki. Nyingine ina prosesa ya moto, mapezi ya uvuguvugu, na feni inazunguka vizuri. Ungeanza kutafuta kosa wapi katika kila moja?
5. Prosesa huizidi hewa ya chumba kwa nyuzi 45. Chumba kina nyuzi 31. Prosesa ina nyuzi ngapi?
6. Tafuta chombo kingine chenye mapezi ya kupozea joto, kama vile injini ya pikipiki. Kichore, na uonyeshe kwa mishale njia ambayo joto hupita.