Kampuni Ikisema, Nani Amesema?

Machi 2013, kwenye mkutano mkuu wa Starbucks mjini Seattle, mwanahisa mmoja alisimama kulalamika. Mwaka uliotangulia kampuni hiyo ya kahawa ilikuwa imeunga mkono hadharani muswada wa ndoa za jinsia moja katika jimbo la Washington. Wapinzani wakahimiza watu waisusie, na mwanahisa huyo akaona mapato yameguswa. Mtendaji mkuu, Howard Schultz, akamjibu kwamba hisa zimeleta faida ya asilimia 38 ndani ya mwaka, na asiyeridhika anaweza kuziuza akanunue za kwingine.

Ukumbi ukapiga makofi. Kwa sisi tunaoshughulika na uendeshaji wa kampuni, jibu hilo lina nguvu pale tu mtu anapoweza kweli kuondoka.

Uchagani habari ya wasioweza kuondoka ni ya zamani. Chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925 chini ya Joseph Merinyo, kwa ajili ya soko na kupambana na wadudu wa mibuni. Mwaka 1928 kikaingia katika mabishano ya ardhi na madaraka ya mamangi, yaani machifu wa Kichaga, serikali ya kikoloni ikakichukia. Nafasi yake ikachukuliwa na chama cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na baadaye amri ikatoka kwamba kahawa ya Mchaga ipitie huko, apende asipende. Mwaka 1937 wakulima wakachoka, wakashambulia maghala. Wangefanya nini? Hisa huuzwa kwa simu moja. Kihamba, shamba la ukoo alilolachiwa mtu na babu yake, hakiuzwi hivyo.

Mpagazi anayepandisha mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro kupitia Machame yuko karibu na mkulima yule kuliko na mwanahisa wa Seattle. Anahitaji safari ijayo. Mwajiri wake akitangaza msimamo kuhusu ndoa, uwe wa kuunga mkono au wa kulaani, amemsemea bila kumuuliza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 nayo, kifungu cha 9, inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Ndiyo maana kampuni ya kimataifa hupamba tovuti yake ya Ulaya kwa rangi za upinde wa mvua, alama ya wapenzi wa jinsia moja, kila Juni, na ofisi yake ya huku isiseme neno. Mimi naliita hilo tangazo la biashara.

Lakini si kila kauli ni ya namna hiyo. Mwaka 2015 waajiri na taasisi 379 walipeleka hoja Mahakama ya Juu ya Marekani wakitaka ndoa za jinsia moja zitambuliwe nchi nzima. Sehemu kubwa ya hoja ilikuwa ya karani wa mishahara: mfanyakazi ana mwenzi kisheria katika jimbo moja, akihamishiwa jingine hana, na kodi na bima hazilingani. Hapo kampuni ilizungumzia daftari lake yenyewe.

Daftari hilo lipo Moshi pia. Tangu 2003 mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, umekuwa ukifuatilia jinsi kampuni za kupandisha wageni zinavyowalipa na kuwalisha wapagazi, na getini mizigo hupimwa kwa kikomo cha kilo 20. Hayo mwajiri anaweza kuyasemea hadharani bila kumtafuta wa kumwidhinisha. Na anaweza kuandika katika mkataba kwamba hafukuzi mtu kwa uvumi wa maisha yake ya nyumbani. Mstari huo hauhitaji bendera yoyote, na sijui mteja gani atausoma.